Jicho la Mama na Hadithi za Mchana

Moshi wa korosho zinazochomwa na maganda yake hautoki kichwani. Sizungumzii harufu tamu ya korosho zilizokwisha banguliwa, zile ambazo watu wa Dar es Salaam hununua kwenye kipande cha gazeti wakidhani wameijua Mtwara. Nazungumzia moshi wa ganda lenyewe, mweusi, mzito, wenye mafuta, unaokwaruza koo na kukaa kwenye nywele na kanga hata baada ya kufua mara tatu. Kwetu Ziwani, kila msimu wa korosho ulipofika, moshi huo ulisimama juu ya kila uwanja tangu umande unapokauka mpaka alasiri. Wenzangu niliosoma nao, wakirudi likizo na kuusikia, hufumba macho na kusema sasa wamefika nyumbani. Mimi hufumbua yangu. Kwangu ule ni moshi wa uongo mmoja mkubwa ambao watu wazima waliniambia, nikauamini kwa siku nne, na mama yangu akaupotezea jicho la kushoto.

Niseme kwanza mimi ni nani sasa, ili msomaji ajue hasira hii inatoka wapi na inaishi vipi. Nafundisha sekondari hapa mjini Mtwara, na naandika hadithi za kubuni. Hakuna kampuni inayonichapisha. Muswada wangu wa kwanza niliutuma Dar es Salaam nikiwa bado chuo kikuu, ukakaa huko karibu mwaka mzima, ukarudi na barua ya aya moja: lugha ni nzuri, lakini hadithi haina funzo, mwandishi aongeze mwisho ambapo mhusika anatubu na kurudi shambani. Nilijiuliza mhusika wangu, mwanamke ambaye yuko shambani tangu ukurasa wa kwanza, angerudi shamba lipi. Tangu hapo najichapa mwenyewe. Nakata stensili kwa taipureta ya kuazima, nazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono mpaka bega linawaka, nashona kurasa kwa sindano ya magunia, na vijitabu vyangu huning'inizwa kwa vibanio vya nguo katika duka la Bwana Gulamu kule Mikindani, kati ya kanga na sabuni za mche. Bwana Gulamu hasomi hadithi. Mkewe ndiye anayesoma, kila kijitabu kabla hakijauzwa, na wateja wangu wamezoea kukuta alama za vidole vyake vya bizari pembeni mwa kurasa.

Wasomaji hao wachache huniuliza nina desturi gani ya kuandika. Wanataka kusikia habari za kibatari, ukimya, na kahawa ya kuondoa usingizi. Siandiki usiku. Taa naitumia kusahihishia daftari za wanafunzi. Hadithi naiandika mchana, nikishatoka shuleni, jua likiwa kali, mlango ukiwa wazi, na kila sentensi naisoma kwa sauti kabla sijaipiga taipu, mpaka wapitao njia ya kwenda Mtawanya husimama kutazama nani anagombana na nani. Jirani yangu mmoja aliniambia huo ni ujeuri. Nikamwambia ndiyo, ni ujeuri. Nimeupata mahali, na mahali penyewe ni uwanja wa mjomba wangu Selemani, msimu mmoja wa korosho, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akija mara moja kwa mwaka na vitenge viwili na kikohozi kipya, kwa hiyo hata bila mila hiyo Mjomba Selemani ndiye angeamua mambo yetu. Alikuwa mrefu, msafi, kofia yake imefumwa vizuri kuliko ya imamu, na alipenda mazungumzo kuliko chakula. Hakuwa mtu mkatili. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mkatili ningemchukia nikamaliza. Mjomba alinipenda, aliniletea penseli kutoka mjini, aliwajibu waliosema mtoto wa kike akisoma sana atakosa mume kwamba mume asiyejua kusoma atapata mtu wa kumsomea barua. Kisha mtu huyo huyo, kwa upole ule ule, akatufanyia aliyotufanyia.

Msimu ule mikorosho ilizaa mpaka matawi yakagusa ardhi. Kutwa nzima tuliinama. Mabibo yaliyoanguka tuliyaokota moja moja, tukayanyonga korosho zake kwa vidole na kuzitupa kwenye tenga, na maji ya mabibo yakatutia madoa ya kahawia ambayo hayakutoka mpaka nguo ilipochakaa. Yale tuliyoyaacha chini yalichacha kwa joto, na hewa ikawa na ukali wa pombe ambao wazee wetu waswalihina walijifanya hawausikii. Nzi walitusindikiza mstari kwa mstari. Migongo iliuma. Kazi ya namna hiyo hailingani na nyimbo, maana ukiinama sana pumzi ya kuimba haipatikani. Lakini pumzi ya kusikiliza ilikuwepo.

Hadithi tulikuwa nazo, ila zilikuwa na sheria. Bibi, mama mzazi wa Mjomba na wa mama yangu, alihadithia baada ya chakula cha jioni, na kila mara alitukumbusha kwamba hadithi haihadithiwi mchana. Mtoto akihadithia mchana, mama yake hupofuka. Niliwahi kumwuliza kwa nini apofuke mama na si huyo aliyehadithia. Bibi alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yameloana, akanijibu kwamba ndivyo ilivyo. Nikauliza nani aliwahi kupofuka. Akanipa kibao cha mgongoni, si cha nguvu, kibao cha kumaliza maneno tu. Nilikuwa mtoto wa kupewa vibao vya namna hiyo kila siku.

Kuvunja sheria nilianza bila kukusudia. Nilikuwa na tabia ya kujihadithia mwenyewe nikiokota, midomo ikicheza bila sauti. Bi Zaituni, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye ulimi ambao wanaume wa pale walizunguka njia kuukwepa, akaniona.

"We Somoe, hiyo midomo inamsomea nani talakini?"

Nikasema nilikuwa najihadithia. Akasema basi nitoe sauti, uchoyo wa hadithi ni mbaya kuliko uchoyo wa chumvi. Nikamkumbusha kwamba ni mchana. Bi Zaituni akanyoosha mgongo, akautazama mwanga kama aliyekuwa hajauona, akasema atakayepofuka si yeye, ni mama yangu, kwa hiyo aulizwe mwenyewe. Wanawake wote wakamgeukia mama.

"Ahadithie," mama akasema bila kuinua kichwa. "Nikipofuka nitapumzika kuuona uvivu wa Zaituni."

Walicheka mpaka Bi Zaituni mwenyewe akakaa chini. Nikaanza. Hadithi za Bibi ziliniishia baada ya wiki moja, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikujua lina jina: nikatunga yangu. Ilikuwa habari ya mwanamke mmoja wa huku kwetu aliyevuka mto Ruvuma karibu na mdomo wake, akitafuta chumvi. Alipofika ng'ambo alikuta njia inayofanana na njia ya kwao, mwishoni mwa njia nyumba inayofanana na nyumba yake, na mlangoni mbuzi mwenye sikio lililokatika kama la mbuzi wake. Kila siku nilimsogeza hatua chache tu. Siku moja nzima ilikwenda kwenye yule mbuzi. Wanawake walikasirika, wakaniita mchawi wa kuchelewesha, na kesho yake walikuja mapema. Matenga yalijaa kabla ya adhuhuri. Mjomba Selemani aliyaona matenga yaliyojaa, akatusifu, wala hakuuliza siri ya kasi hiyo ni nini.

Siku ya tukio hatukwenda shambani. Tulikuwa uwanjani tunabangua korosho za kula nyumbani. Asiyeijua kazi hiyo aelewe kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza kama tindikali. Korosho huwekwa juu ya bati kuukuu lililotobolewa, moto chini, na mchomaji husimama upande unakotoka upepo akizikoroga kwa mti mrefu. Mafuta huchemka, hutoka, kisha hushika moto, na hapo hapo bati lazima liinuliwe kwa ule mti na korosho zimwagwe mchangani zifukiwe. Ukichelewa kidogo, zinalipuka. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Alikuwa kwenye bati. Sisi wengine tulikaa hatua chache kando, tukigonga maganda kwa mawe, na mimi nilikuwa nahadithia. Mwanamke wangu alikuwa amefika mlangoni hatimaye. Ndani aliona mwanamke amekaa kwenye kigoda anapika kwenye sufuria yake, na mwanamke huyo alikuwa na sura yake, kovu lake la shavuni, na shanga zake. Yule wa ndani akainua uso, akafungua mdomo kutaka kusema.

Nikasikia mlipuko mdogo, kisha mwingine. Nilipogeuka mama alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Alisema, "Maji," akanyamaza, akasema tena, "Maji."

Tulimwagia maji. Bibi alitoka ndani, akamwona, akauliza tulikuwa tunafanya nini. Hakuna aliyejibu. Bi Zaituni alitazama jiwe lililokuwa mkononi mwake. Ukimya ule ndio uliotusema, maana watu wasio na hatia hujibu swali kama lile haraka. Bibi akayapitisha macho yake kwetu mmoja mmoja, akaishia kwangu, akakaa chini polepole, akasema jina langu.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na jua lilikuwa bado juu. Mama, kitambaa kibichi kikiwa usoni, alisema apelekwe. Alisema mara ya kwanza kama ombi, mara ya pili kama amri ya dada mkubwa kwa mdogo wake. Mjomba Selemani alichuchumaa mbele yake akamshika magoti.

"Dada, nisikilize," alisema. "Nikikupeleka na chanzo kikabaki hapa nyumbani, huyo tabibu atatibu nini? Tukifunge chanzo kwanza. Kisha twende, nitakubeba mwenyewe."

Chanzo nilikuwa mimi.

Fundi Lipende, mganga wa pale kwetu, aliletwa kabla jua halijatua. Nakumbuka alikuwa na mafua, na alisita mara mbili kufuta pua kwa mkono uleule ulionitibu. Alinipaka midomo masizi ya maganda ya korosho, akanitafunisha mzizi mchungu, akanifunga uzi mweusi mkononi, akasema nisitoe neno kwa siku saba. Hata salamu, hata kuitika, hata Bismillahi kwa sauti. Nikae chumba cha ndani, uso ukielekea ukutani. Siku saba zikitimia bila neno, jicho litakuwa limefunguliwa njia, na hapo mgonjwa anaweza kupelekwa popote. Katika jicho lenyewe waliweka maziwa ya mwanamke anayenyonyesha na jani fulani lililopondwa. Wakatoka. Nimesoma mantiki chuo kikuu kwa miaka miwili, nimebishana na wahadhiri wenye vyeo virefu, na bado sijakuta mahali penye hitilafu iliyo wazi kama ile: walitibu mdomo wa mtoto mwenye afya wakaliacha jicho lililoungua.

Ukuta kati yangu na mama ulikuwa wa udongo, na nilisikia kila kitu. Nilisikia akigeuka. Nilisikia akimwomba Bibi amwondolee jani. Usiku wa pili alianza kuongea maneno yasiyoungana. Na mimi, msomaji anielewe vizuri hapa, niliamini. Ningeweza kutambaa nje nikakimbia zahanati, njia niliijua. Sikwenda kwa sababu niliamini kwamba nikifungua mdomo tu, jicho la pili litakwenda pia. Niliubana mpaka taya likauma. Niliwaombea msamaha wanawake wawili wa ng'ambo ya Ruvuma kana kwamba walikuwepo. Siku nne. Mjomba namlaumu, Fundi namlaumu, lakini zile siku nne zina sehemu yangu, na hakuna mtu mwingine wa kuibeba.

Siku ya nne walikuja wageni kumtazama mgonjwa. Ilikuwa mchana. Walikaa uwanjani, wakapewa mihogo ya kuchoma na korosho, pengine zile zile za bati lile. Baada ya pole na dua, mazungumzo yalilegea, na Mjomba Selemani akaanza kuwasimulia jinsi alivyomshika mamba mkia kule Ruvuma. Kisa hicho kila mtu alikijua kuwa si kweli. Mwanzo mamba alikuwa na urefu wa mtumbwi, siku hizo alikuwa mitumbwi miwili. Mjomba alikisimulia vizuri. Alimwiga mamba, aliiga sauti yake mwenyewe ikimtisha mamba, na wageni walicheka wakijizuia kwa ajili ya mgonjwa. Nikageuza uso kutoka ukutani, nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Bibi alikuwa amekaa karibu naye, amepakata ungo, anapepeta mchele. Mama yake mzazi. Mwanawe anahadithia mchana kweupe, hadithi ya uongo tangu kichwa mpaka mkia, na macho yake mawili yanaona hata punje ya chuya iliyojificha.

Nilingoja. Nilimtazama Bibi kwa muda mrefu, nikingoja jambo limpate. Aliokota chuya, akaitupa.

Sijui kama mtu anaweza kuieleza hasira ya kwanza ya maisha yake. Kabla ya hapo nilikuwa na chuki ndogo ndogo za kitoto, za kunyang'anywa na kupigwa. Hii ilikuwa kitu kingine; ilikuja na swali ndani yake. Kwa nini ya mjomba iitwe mazungumzo na yangu iitwe hadithi? Kwa nini uongo wake ni ukarimu kwa wageni na wangu ni ugonjwa? Swali hilo sikuweza kulisema, nilikuwa nimefungwa mdomo. Lakini mkono haukuwa umefungwa, ila kwa uzi tu, na Fundi Lipende, aliyetaja salamu na kuitika na Bismillahi, hakutaja penseli. Nadhani haikumjia akilini kwamba mtoto wa kike anaweza kutoa maneno kwa njia hiyo.

Nilichana karatasi kwenye daftari la hesabu. Niliandika: "Mwalimu. Jicho la mama limeungua kwa mafuta ya korosho. Leo siku ya nne. Hawampeleki. Njoo na baiskeli. Somoe." Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile, na nikimaliza kila moja huiweka kando ya barua hiyo kichwani mwangu niitazame. Nyingi hushindwa. Zina maneno ya kujipamba. Barua ile haikuwa na neno la ziada, kwa sababu aliyeiandika alikuwa akisikia mtu anaumwa nyuma ya ukuta.

Aliyeniletea uji asubuhi na jioni alikuwa Bi Zaituni. Alikatazwa kunisemesha, akanisemesha kila mara, kwa kuwa alisema katazo ni la kinywa changu, si chake. Jioni hiyo nikampa karatasi. Aliigeuza juu chini.

"Hapa sasa tumekamilika," akasema. "Wewe huna mdomo, mimi sina kusoma." Nikamwonyesha kwa kidole upande wa shule. Akanikazia macho. "Kama ni hadithi, siitaki. Lawama ya kwanza inanitosha. Ni hadithi?"

Nikatikisa kichwa. Akaikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama punje ya mahindi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akatoka akipiga kelele kwamba uji wa nyumba hii hauna chumvi.

Kesho yake, adhuhuri, mwalimu wetu alifika. Alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali iliyobanwa kwa kamba miguuni isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Aliwaamkia wakubwa wote kwa zamu, akakubali maji, akauliza mavuno. Kisha akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba imetoka amri bomani: kila aliyeungua kwa korosho aandikishwe hospitali, na nyumba itakayomficha, mwenyewe ataitwa kujieleza. Mjomba Selemani akauliza amri hiyo ilitoka lini. Mwalimu akasema Jumatatu. Mjomba akafikiri, akavua kofia akaivaa tena, akasema kama ni amri ya serikali basi hana neno. Mama alikalishwa nyuma ya baiskeli, akafungwa kwa kanga kwenye kiuno cha mwalimu asianguke. Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumuaga mwalimu huyo nikielekea chuo kikuu, aliniambia hapakuwa na amri yoyote. Aliitunga njiani, akikanyaga baiskeli, na ile Jumatatu aliitia pale pale alipoulizwa.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Mtabibu alisema uchafu ulikuwa umeanza kulifuata la kulia, na kwamba angechelewa siku mbili tatu zaidi wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Mama alikaa huko mwezi mzima. Nyumbani mimi nilimalizishwa siku zangu saba, ingawa mgonjwa alikwisha ondoka, kwa sababu kazi iliyoanzwa haiachwi njiani. Siku ya saba Fundi Lipende aliukata uzi. Mama aliporudi na jicho moja zima, Mjomba Selemani aliwatangazia watu kwamba wameona wenyewe: jicho la pili limeponywa na ule ukimya. Bi Zaituni alifungua mdomo kujibu, akanitazama, akaufunga. Alijua kwamba ningeadhibiwa tena kwa barua. Hiyo ni mara pekee niliyoona ulimi ule ukikaa kimya, na hilo pia nawadai Mjomba na Fundi.

Mjomba yu hai na afya yake nzuri. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu alinishika bega mbele ya watu akasema, "Mnamwona huyu? Huyu nilimfunga mdomo siku saba, maneno yote yakapanda kichwani. Ndiyo maana kafika chuo kikuu." Watu wakampongeza. Akaniomba niandike kitabu juu yake na yule mamba. Nikamwuliza, "Mjomba, ulimshika mkia saa ngapi?" Akajibu bila kusita, "Saa sita mchana, mpwa wangu, jua utosini." Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyeelewa nacheka nini, na yeye alicheka nami kwa furaha.

Mama sasa anajua kusoma. Alijifunza katika kisomo cha watu wazima, akishikilia karatasi upande wa kulia wa uso, na amesoma kila kijitabu nilichochapa. Mwezi uliopita nilimpelekea kipya. Nilimkuta uwanjani na bati, moto, na mti mrefu, kazi ile ile, moshi ule ule. Alifuta mikono, akapekua kijitabu kuanzia mwisho kama kawaida yake, akakiweka juu ya kinu.

"Yule wa mtoni yuko wapi?" aliuliza.

Nilijifanya sielewi. Akasema yule aliyefuata chumvi akakuta mwenzake anapika. Miaka kumi na mitatu anangoja kusikia yule wa ndani alimwambia nini, na kila nikileta kitabu namletea watu wengine asiowahitaji. Nikamwambia hiyo siiandiki. Kisha nikasema yote niliyokuwa nimeyaweka: Mjomba, masizi, uzi, siku zile, na ujinga wa watu kusema kwamba maneno ya mtoto yaliweza kulifikia jicho la mtu aliyesimama hatua kumi mbali. Nilisema hadithi yangu na jicho lake havikuhusiana hata kidogo. Nilisema kwa sauti ya darasani.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Vilihusiana," akasema. "Niliona mafuta yameshika moto. Nilitakiwa kumwaga. Nikasema, ngoja kwanza nisikie huyu mwanamke anasema nini."

 Maisha yangu yote ya kubisha nilikuwa nimeyasimamisha juu ya neno moja, kwamba havikuhusiana, na mwenye jicho alikuwa ameliondoa bila hata kubadili sauti. Lazima uso wangu ulisema jambo, kwa sababu alinigombeza kama zamani.

"Usinitazame hivyo. Jicho lilikuwa langu na masikio yalikuwa yangu. Nilitaka kusikia. Zile siku tano ndizo za Selemani, na hizo sijamsamehe, wala sikuombi umsamehe. Lakini hadithi imekukosea nini?"

Nimekuwa nikijiona mtu huru. Mlango wangu uko wazi mchana, sauti yangu inasikika barabarani, hakuna mjomba wala mhariri anayenipangia mwisho. Yule mtoto aliyeelekezwa ukutani nimemhurumia kwenye vijitabu vitano. Kumbe yeye alifungwa siku saba tu, na hata ndani ya hizo saba alipata penseli akaandika kilichokuwa kinauma. Mimi, mwenye shahada na stensili, nimeizunguka hadithi ile moja kwa miaka kumi na mitatu kama watu wanavyozunguka kaburi, na uzi ulioninyamazisha nimeufunga mwenyewe. Nahoji kila kitu. Hilo sikulihoji. Hasira yangu kwa Mjomba iko pale pale, na nitakufa nayo. Ila nimegundua sehemu yake nilikuwa nimeiweka mahali pasipo pake.

Ilikuwa yapata saa saba mchana. Korosho zilikuwa zimeanza kutoa jasho juu ya bati. Mama alivuta kigoda, akakaa kwa upande, jicho lake zima likinielekea, mti wa kukorogea ukiwa bado mkononi.

"Haya," akasema. "Alimwambia nini?"

Nikamwambia kwanza asogee mbali na moto. Akanung'unika kwamba nimekuwa mwoga kama watu wa mjini, lakini alisogea, na bati nikaliinua mimi, nikamwaga korosho mchangani nikazifukia. Kisha nikakaa, nikaendelea pale pale nilipokuwa nimeishia.